Muhtasari wa Kikao cha Novemba

Ukumbi wa zimamoto, Grantsburg, Wisconsin. Saa moja jioni.
Waliohudhuria: kumi na tisa, na mbwa mmoja mwenye matope.
Mimi naandika. Walinichagua katibu
kwa kuwa nawahesabia korongo wa kinamasi chao,
na mwenye kuhesabu ndege, alisema Arvid,
hawezi kuongopa maneno.

Ajenda ya kwanza: barua kwenda Madison,
kwa wabunge wanaotaka kubana bunduki.
Arvid Lindqvist akasimama, kofia mkononi.
Tangu Julai, alipomzika mkewe,
hatujamsikia akimaliza sentensi.
Leo alimaliza.
Kinamasi hiki, alisema, kilikuwa shamba la viazi lililokufa.
Nani alikinunua? Si wapiga picha wa machweo.
Kila kasha la risasi lina kodi yake,
kodi ikaziba mifereji, maji yakarudi,
maji yakawaita korongo.
Mkituondoa sisi mtamtoza nani? Korongo?

Wakacheka. Nikaandika: kicheko.

Tou Ger Vang akaongeza kwamba baba yake
alivuka mto Mekong mikono mitupu,
na karatasi ya kwanza nchi hii iliyoandika jina lake bila kosa
ilikuwa leseni ya kuwinda.
Ameiwekea fremu. Iko sebuleni.

Hapo kalamu yangu ikasita.
Kwetu Rukwa, babu alikuwa na gobore
alilolificha darini, ndani ya mkeka,
kwa ajili ya Bwana Nyama.
Alipompiga ngiri kwenye mahindi yake aliitwa jangili.
Mgeni aliyeshuka na ndege, kibali mfukoni,
akapiga simba, akapiga picha,
huyo aliitwa mwindaji.
Maneno mawili, na katikati yake
miezi sita ya jela.
Basi neno haki likitamkwa humu
kirahisi, kama mtu anayeomba chumvi mezani,
nalisikia kwa sikio moja la wivu
na jingine la woga.

Waliokubali: kumi na saba. Waliopinga: hakuna.
Katibu hapigi kura.
Verna Tollefson, mweka hazina,
hakuinua mkono. Alikuwa akihesabu fedha za mnada wa keki,
noti moja moja, mara ya pili, mara ya tatu.
Kila mtu humu anajua habari za mpwa wake,
na banda la mashua, na mwezi wa Machi.
Hakuna aliyezitaja.
Akatia sahihi hundi ya ekari arobaini za kaskazini,
maji na matete yake,
na wino haukutetemeka.

Ajenda ya pili: viota vya mbao vya bata.
Ya tatu: choo cha ukumbi, tena.
Kikao kilifungwa saa tatu kasoro robo.

Nje, theluji ya kwanza, nyembamba kama sembe
iliyomwagika mlangoni mwa mashine.
Nilikuwa nakwangua kioo cha gari nilipomwona Arvid
nyuma ya pikapu yake, akitoa kitu kirefu
kilichoviringishwa blanketi la kitoto, lenye sungura.
Verna akakipokea kwa mikono miwili.
"Mpaka barafu ivunjike," alisema Arvid.
"Mpaka barafu ivunjike."
Akakilaza kwenye kiti cha abiria,
akakifunga mkanda.

Msimu wa ayala unaanza Jumamosi.
Miaka arobaini na sita
Arvid hajakosa alfajiri hiyo hata moja.

Daftari lilikuwa kwapani, kalamu bado ina joto la mkono.
Lakini hapakuwa na hoja,
hapakuwa na mtu wa kuiunga mkono.
Nikawasha gari, nikaliacha lingurume,
nikingoja kioo kipate kuona.